Bandia, Ghushi, na Mtu wa Kukijibia Kitu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo lugha ya sokoni siku hizi imeyachanganya, lakini yakitenganishwa yanatusaidia kufikiri. La kwanza ni bandia, la pili ni ghushi. Mtoto wa bandia hamdanganyi mtu. Binti anayembeba mgongoni kwa kipande cha kanga anajua kwamba hakuzaa, na jirani anayemwamkia kwa heshima za mzazi anajua vilevile. Ubandia ni hali ya kitu. Ghushi, kwa upande wake, ni tendo la mtu. Muuza maziwa anayetia maji ndani ya ndoo alfajiri hakutengeneza kitu cha bandia. Maziwa yametoka kwa ng'ombe na maji yametoka kisimani, na vyote viwili ni vya kweli. Alichokiharibu ni ahadi isiyotamkwa baina yake na mnunuzi, kwamba kilichomo ndooni ndicho kinachotajwa na jina lake.

Ikiwa ndivyo, basi kuna bandia isiyo na ghushi, na kuna ghushi isiyo na bandia. Tofauti hii inazaa swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu: mtu anaponunua kitu mtandaoni akidhani ni halisi, kisha akaletewa cha bandia, ameibiwa nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba ameibiwa fedha. Jibu la mwanasheria ni kwamba aliyeibiwa ni mwenye chapa. Dai langu ni kwamba majibu yote mawili yanaacha nje jambo lililo kubwa zaidi: mnunuzi ameondolewa mtu wa kukijibia kitu.

Nitatumia mfano mdogo kwa makusudi, nao ni kishikio cha fimbo ya gofu, yaani ule mpira unaovikwa kwenye ncha ya juu ya fimbo, mahali pa kushika. Ni kitu cha gramu hamsini hivi. Lakini ndicho kiungo pekee kati ya mwili wa mchezaji na fimbo yake. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ambako theluji hufunga viwanja tangu mwisho wa vuli hadi majira ya kuchipua, miezi ya baridi ndiyo miezi ya kukarabati. Wachezaji hushuka na fimbo zao kwenye vyumba vya chini ya nyumba, wakachana mpira wa zamani kwa kisu, wakabandika utepe wa gundi pande mbili, wakavisha mpira mpya. Kanuni za mchezo huruhusu fimbo zisizozidi 14. Ile ya kusukumia mpira shimoni huwa na kishikio cha aina yake, hivyo mtu hutafuta vishikio 13 kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo tofauti ndogo ya bei inapozidishwa mara kumi na tatu, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba gofu ni habari ya wengine. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa 1906, uwanja wa Kitante uko katikati ya Kampala, na Dar es Salaam na Arusha zina viwanja vya Gymkhana. Mashindano ya wazi ya Kenya yamekuwapo tangu 1967. Wachezaji wengi wa kulipwa wa kwetu walianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za watu wengine, wakajifunza mchezo kwa kuutazama. Kwa hiyo si jambo la ajabu kumkuta mkazi wa Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, akiagiza vishikio 13 mtandaoni ili avipeleke likizoni kwa mpwa wake anayebeba fimbo Kitante. Tutamrudia mtu huyu, ambaye ni wa kubuni tu, kwa sababu hali yake inalibana swali letu kuliko hali ya mchezaji anayejinunulia.

Dalili za kishikio cha bandia zinajulikana kwa watengenezaji na mafundi. Mpira wake hutoa harufu kali ya mafuta au kemikali ambayo haiishi. Herufi za chapa zina kingo zilizofifia, na rangi iliyojazwa ndani yake hubanduka kwa kucha. Uzito hutofautiana kati ya kimoja na kingine ndani ya fungu lilelile. Tundu la ndani halilingani na kipimo kilichoandikwa kwenye mdomo wake, kwa hiyo kinavikwa kwa shida au kinapwaya. Baada ya miezi michache mpira hukauka, ukateleza kwa jasho, na mchezaji hujikuta akiibana fimbo kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Tuzitazame dalili hizi tena. Harufu ni ya pua. Kubanduka ni kwa ukucha. Uzito ni wa kiganja. Kupwaya ni kwa kidole. Kati ya hizi zote, hakuna hata moja inayopita kwenye kioo cha simu. Herufi zilizofifia zingeweza kuonekana kwa jicho, lau picha ingekuwa ya bidhaa yenyewe. Lakini muuzaji mwongo huchukua picha ya mtengenezaji wa kweli. Kitu ni cha bandia, picha yake ni halisi. Kinachobaki kwa mnunuzi wa mbali ni bei, ambayo ikishuka mno ni dalili, na jina la muuzaji, ambalo huenda limebuniwa juzi.

Wahenga walituonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Onyo hilo linadhani kwamba gunia lipo mbele yetu na kwamba tunaweza kudai lifunguliwe. Wanasema pia kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii nayo ina soko lake ndani yake: soko ambalo kitu kizuri kimekaa mahali pamoja na watu wanakuja kukigusa. Katika soko la mtandaoni kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, kwa picha ileile, kwa maneno yaleyale. Hekima ya zamani haijawa uongo, ila imepoteza mkono wake.

Mila ya Kiislamu, ambayo imeujenga msamiati wetu wa biashara pamoja na neno ghushi lenyewe, ina kisa mashuhuri kuhusu mkono huo. Mtume alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta umaji. Mwenye nafaka alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Katika kisa hiki mvua hailaumiwi, na nafaka yenyewe ni nafaka kweli. Hakuna bandia hapa. Wala mnunuzi haambiwi kwamba angepaswa kuchimba lundo. Mzigo wa kudhihirisha kasoro unawekwa juu ya yule anayeijua. Hapo pana kanuni nzima ya maadili ya biashara: ajuaye ndiye anayedaiwa neno.

Pwani yetu ililijua tatizo hili katika karne ya kumi na tisa, na kwa kinyume cha kupendeza, bidhaa iliyokuwa ikighushiwa ilikuwa ya Marekani. Baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa. Watu wakakiita merikani. Kilipelekwa bara kwa jora na kwa doti, kikatumika kama fedha njiani, na wanunuzi wa bara hawakuwa wajinga: walijua kitambaa kwa uzito, kwa upana na kwa mguso, wakakataa kilichowapungukia. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kukiiga. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata ugavi wa pamba, nguo za Manchester na baadaye za Bombay zikachukua nafasi.

Lakini jina halikuondoka. Merikani iliendelea kuitwa merikani hata ilipofumwa Bombay. Je, huo ulikuwa ughushi? Nadhani mwanzoni, pale muuzaji alipotaka mteja aamini kwamba kitambaa kimetoka Massachusetts, ulikuwa ughushi. Baadaye, jina lilipokuwa jina la aina ya kitambaa, kama tunavyosema leo merikani bila kufikiri habari za Salem, uongo ulikwisha kwa sababu hakuna aliyekuwa anaambiwa jambo lisilo kweli. Historia hii inatufundisha kwamba chapa si kiini kilichofichwa ndani ya kitu. Chapa ni kauli. Ukweli wake unategemea kile ambacho msikiaji ana haki ya kukielewa anapoisikia.

Inatufundisha pia kutopima uhalisi kwa nchi. Vijiwe vyetu vina mazoea ya kuita kila kitu kibovu "mchina". Ukweli ni kwamba vishikio vingi halali vya chapa za Marekani hutengenezwa Asia. Kile cha halali na kile cha bandia huenda vikapandishwa meli katika bahari moja. Kinachovitenga ni kwamba nyuma ya kimoja yupo mtu ambaye, ukirudi kwake na kishikio kilichopasuka, hawezi kusema hakujui.

Mtu anaweza kudhani kwamba kama mkono ungerudishiwa nafasi yake, tatizo lingekwisha. Historia ya karibuni ya miji hii pacha inaonyesha kwamba sivyo. Kampuni ya 3M ina makao yake makuu Maplewood, ubavuni mwa Saint Paul. Tangu 2019 jina lake limekuwa kwenye mashindano ya gofu ya kulipwa yanayochezwa Blaine, upande wa kaskazini. Wakati wa janga la korona barakoa zake za N95 zilighushiwa kwa wingi mno. Mwezi Februari 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba ndani ya wiki chache ilikuwa imekamata zaidi ya barakoa milioni 10 zenye chapa hiyo ya uongo. Nyingine zilikuwa zimekwisha kununuliwa na hospitali, zikiwamo za jimbo la Washington. Walionunua walikuwa watu wa kazi hiyo. Walizishika, zikavaliwa, wasione tofauti. Kampuni ikalazimika kutangaza namba za mafungu ya uongo na kuwasihi wanunuzi wapite kwa wauzaji walioidhinishwa.

Kishikio cha bandia humharibia mtu mchezo wa alasiri. Barakoa ya bandia ilimweka muuguzi mbele ya mgonjwa akiwa hana kinga anayoamini kuwa anayo. Ukubwa wa madhara hautafutiki. Hata hivyo muundo wa kosa ni mmoja. Katika hali zote mbili mkono hautoshi, kwa sababu ubora unaohitajika ni wa kesho: uwezo wa kuchuja hewa saa ya sita, uwezo wa kutoteleza mwezi wa sita. Hakuna mguso wa leo unaoweza kuuona. Kwa mambo ya kesho binadamu hana njia ila kumwamini mwenzake, na chapa ndiyo namna ya wageni kuaminiana bila kuonana. Anayeighushi chapa hamwibii mwenye chapa tu. Anamwaga maji katika ndoo ambayo watu wote wanaichota.

Basi nani adaiwe? Sheria ya Marekani imeyumba hapa. Mwaka 2010, katika kesi ya Tiffany dhidi ya eBay, mahakama ya rufaa yenye makao New York iliamua kwamba mwenye soko la mtandaoni hawajibiki kwa ukiukaji wa chapa kwa kujua tu kijumla kwamba sokoni mwake mna bandia. Ni lazima ajue kuhusu tangazo mahususi. Uamuzi huo una mantiki ya kisheria, lakini ukipimwa kwa kanuni ya lile lundo la nafaka una upungufu. Mwenye soko la leo si mwenye uwanja anayekodisha vibanda. Anapanga nani aonekane kwanza, anapokea malipo, na mara nyingi anahifadhi mizigo ghalani mwake. Anajua mengi kuliko mnunuzi, na ajuaye anadaiwa. Sheria ya baadaye, iliyoanza kutumika Juni 2023, imesogea upande huo: masoko ya mtandaoni lazima yathibitishe utambulisho wa muuzaji mwenye mauzo 200 au zaidi ya bidhaa mpya, yenye mapato ya jumla ya dola 5,000 au zaidi, ndani ya miezi 12 mfululizo. Sheria hiyo haimwambii mnunuzi kama kishikio ni cha kweli. Inahakikisha kwamba kuna mtu mwenye jina nyuma yake, na kwa hoja ya makala haya hilo ndilo jambo la msingi.

Hapa lazima nisikilize pingamizi zito. Wako watakaosema kwamba vita dhidi ya bandia ni vita vya matajiri kulinda faida zao, na kwamba maskini amekuwa akivaa, akitibiwa na akicheza kwa msaada wa nakala. Pingamizi hili lina ushahidi wa kwetu. Sheria ya Kenya ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008 iliandikwa kwa upana kiasi kwamba dawa nafuu zisizo na chapa ya mgunduzi zingeweza kuhesabiwa bandia. Watu watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba tafsiri hiyo ilitishia haki zao za uhai, utu na afya.

Naukubali uamuzi huo kwa moyo wote, na naona kwamba unaiunga mkono tofauti tuliyoanza nayo. Dawa nafuu inayotaja jina lake na kiwanda chake haijamghushi mtu. Ni nakala ya kanuni ya dawa, lakini kauli yake ni ya kweli, na yupo wa kuijibia. Kosa la ile sheria lilikuwa kuwinda nakala badala ya kuwinda uongo. Vivyo hivyo, nguo za mitumba za Gikomba haziwadhulumu wanunuzi, kwa kuwa zinauzwa kama mitumba na kila mtu anaukunjua mshono kabla ya kutoa fedha. Na vipo vishikio vya bei nafuu vyenye majina yasiyojulikana, vinavyouzwa kwa majina hayohayo. Mwenye fedha kidogo ana haki ya kununua kitu hafifu akijua ni hafifu. Ughushi haumwongezei uchaguzi huo. Unamnyang'anya, maana unafanya kitu hafifu na kitu imara vivae sura moja, na yeye ndiye asiyeweza kumudu kukosea mara mbili.

Sasa tumrudie mkazi wa Brooklyn Park. Tuseme vishikio vimefika, vina harufu kali, na rangi ya herufi imebaki kwenye ukucha wake. Anajua. Akivivisha kwenye fimbo zake mwenyewe, bandia ipo lakini ghushi imeishia kwake. Yeye ni kama yule binti na mtoto wake. Anaweza kulaumiwa kwa kumneemesha mwongo ikiwa ataagiza tena, lakini hamdanganyi mtu. Hali hubadilika anapovitia kwenye begi la kwenda Kampala.

Mpwa wake Kitante hatasoma chapa kama anavyoisoma mteja wa Minnesota. Atasema, "Mjomba amevileta kutoka Marekani," na sentensi hiyo kwake itakuwa na uzito kuliko muhuri wowote wa kiwandani. Diaspora imebeba dhamana hii kwa miaka mingi bila kuandikishiana: simu, viatu, vitamini, vipuri, vyote huaminiwa nyumbani kwa sababu vimepita mkononi mwa mtu wa ukoo. Mjomba amekuwa chapa. Akinyamaza, ameingia katika nafasi ya mwenye nafaka iliyolowa, ambaye huenda hakuleta mvua lakini alijua iliponyesha. Kwamba ni zawadi hakumpunguzii deni. Pengine kunaliongeza, kwa sababu anayepokea zawadi kwetu haikagui mbele ya mtoaji. Adabu yenyewe imemfunga mikono.

Anachodaiwa si kikubwa. Hadaiwi kuwa fundi wa mpira, wala kuvitupa vishikio vyote 13. Anadaiwa neno: kwamba hivi si vile vinavyoandikwa juu yake, kwamba vitafaa kwa mazoezi lakini visitegemewe siku ya mashindano, na kwamba visiuzwe kwa mwingine kwa jina hilo. Akilisema neno hilo, vishikio vilevile, vyenye harufu ileile, vinakuwa vitu vya bei nafuu tu. Mpwa atavivisha au ataviacha, lakini atafanya hivyo akiwa na macho yake.

Na kwa yule ambaye bado hajanunua, maadili haya yana upande wa vitendo. Kabla ya kuuliza kama kitu ni halisi, jambo ambalo picha haiwezi kulijibu, na aulize swali ambalo lina jibu: kikipasuka mwezi wa sita, nitamrudia nani? Kama ni duka la fundi wa uwanjani au muuzaji anayetambuliwa na mtengenezaji, jina lipo na mlango upo. Kama ni jina la herufi zisizotamkika, lililofunguliwa juzi, lisilo na anwani, basi bei ile ya chini haikuwa bei ya kishikio. Ilikuwa bei ya kishikio bila mtu.